Vilmos Zsolnay na Sahani za Wakulima

Askari ajua maana ya kupangiwa kazi asiyoichagua. Ndiyo maana leo twapenda kumweleza Vilmos Zsolnay, mwana wa Hungaria, aliyepangiwa kazi na baba yake.

Alizaliwa mwaka 1828 katika mji wa Pécs, kusini mwa nchi hiyo. Alitamani kuwa mchoraji, lakini baba yake, Miklós, aliyekuwa mfanyabiashara, alimtaka dukani. Vilmos akatii. Mwaka 1853 mzee huyo alianzisha kiwanda kidogo cha vyombo vya udongo, akamkabidhi mwanawe mwingine, Ignác. Kiwanda kikayumba. Mwaka 1865 Vilmos alikitwaa, ingawa hakuwa mfinyanzi, akajifunza mwenyewe tabia ya udongo, ya rangi na ya moto wa tanuri.

Rangi zilikuwapo, lakini zichore nini? Binti yake Teréz alikusanya vyombo vya udongo na vitambaa vya kutarizi kutoka kwa wakulima, vitu ambavyo wengi waliviona vya kawaida tu. Yeye na mdogo wake Júlia wakayatwaa maua yale, pamoja na nakshi za Waajemi na Waturuki, wakabuni mapambo ya kuchorwa kwa mkono juu ya kauri. Hivyo uchoraji alionyimwa baba ulirudi nyumbani kwa mikono ya mabinti.

Mwaka 1878, katika Maonyesho ya Dunia mjini Paris, kazi hiyo ilipata medali ya dhahabu, na Ufaransa ikamtunukia Zsolnay nishani ya Légion d'honneur. Tangu mwaka huo vyombo vyake vilipigwa muhuri wa minara mitano, alama ya Pécs. Hadi leo mkusanyaji wa kauri za kale hukipindua chombo kwanza akague kitako. Na kwa kuwa muhuri huweza kuigwa, huchunguza pia mchoro wenyewe.

Mwaka 1893 kiwanda kilitoa rangi iitwayo eosini, ing'aayo kama madini na kubadilika kwa mwanga. Zsolnay alifariki mwaka 1900 katika mji ule ule alikozaliwa.

Sisi twaona fundisho moja. Sahani za wakulima zilikuwapo kabla ya medali. Zilimngoja tu mtu wa kuziokota na kuziheshimu. Tuitazamepo mitungi ya bibi zetu, tusiipite upesi.