Maumené na Mbwa Wake

Edme-Jules Maumené, mkemia Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1818, alipata jina kwa uchunguzi wa mvinyo wa Champagne. Lakini wanywao maji ya visima virefu huko Karen na Dagoretti, Nairobi, wana sababu nyingine ya kumkumbuka. Mwaka 1854 alimlisha mbwa floridi, akaona shingo yake imevimba mithili ya rovu. Mbwa mmoja tu, jamani! Wataalamu wa baadaye walikuta chanzo kikubwa cha rovu ni upungufu wa ayodini, ndiyo maana chumvi ya Kenya hutiwa ayodini. Maumené alifariki mwaka 1898. Baadhi ya visima hivyo vina floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita. Meno ya watoto hugeuka kahawia. Kuhusu tezi ya shingo, utafiti ungali unaendelea.