Lee de Forest: Jamaa aliyeunda moyo wa ampu bila kuuelewa

Ukienda Luthuli Avenue kutafuta ampu ya spika za nyumbani, hutakosa ubishi huu: valvu ama transista? Wapenzi wa santuri wanaapa kwa valvu, ile chupa ya kioo inayowaka rangi ya chungwa. Vijana wa bedsita kule Kawangware na Kangemi wanataka transista, besi igonge hadi kwa jirani. Wachache wanajua kwamba ampu yenyewe ina deni kwa jamaa mmoja, Lee de Forest.

Alizaliwa Agosti 26, 1873 mjini Council Bluffs, jimbo la Iowa, Marekani. Babake, mchungaji, alihamia Alabama kuongoza Chuo cha Talladega, kilichosomesha Wamarekani weusi. Wazungu wa mji wakaitenga familia hiyo, kwa hivyo Lee alikua akicheza na watoto weusi. Mzee alitaka kijana naye awe mchungaji. Wapi! Mashine zilikuwa zimemteka. Mwaka wa 1899 akapata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Yale, akichunguza mawimbi ya redio.

Mwaka wa 1904, Mwingereza John Ambrose Fleming aliunda valvu yenye vipande viwili ndani. Mnamo 1906 de Forest akaongeza cha tatu, kiwaya kilichokunjwa katikati ya hivyo viwili, akakiita chombo hicho Audion. Fikiria koki ya mfereji: unaizungusha kwa vidole tu, maji mengi yanafunguka. Vivyo hivyo, umeme mdogo kwenye kiwaya unaamuru umeme mkubwa. Sauti hafifu inaingia, inatoka na nguvu.

Lakini mwenyewe hakuelewa ni kwa nini. Alidhani gesi iliyobaki ndani ya chupa ndiyo inayofanya kazi, kumbe wahandisi wengine waliiondoa na valvu ikawa bora zaidi. Mwaka wa 1912 mwanafunzi wa Columbia, Edwin Armstrong, aligundua namna ya kurudisha umeme uliokuzwa kwenye valvu ili ukuzwe tena. De Forest akadai yeye ndiye alitangulia. Kesi ikavutana miaka na mikaka hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, iliyompa de Forest ushindi mwaka wa 1934. Wahandisi wengi waliendelea kumheshimu Armstrong, ambaye pia ndiye baba wa redio ya FM unayoskia kwa matatu.

Pesa nazo hazikukaa. Kampuni zake ziliporomoka. Mwaka wa 1913 alisimama kizimbani kwa ulaghai wa kuuza hisa. Yeye akaachiliwa, baadhi ya wenzake wakapatikana na hatia. Mwaka huohuo kampuni ya AT&T ilinunua haki za Audion kwa dola 50,000, na kufikia 1915 valvu zilikuwa zinabeba simu kutoka New York hadi San Francisco. Utangazaji wa redio ulipoanza Nairobi mwaka wa 1928, redio za walowezi zilitegemea valvu.

Halafu Desemba 1947, maabara ya Bell, mali ya AT&T ileile, ikaunda transista. De Forest aliishi kuona mrithi wa chupa yake. Alitunukiwa Oscar ya heshima mwaka wa 1960 kwa mchango wake katika filamu zenye sauti, akafariki Juni 30, 1961, akiwa na umri wa miaka 87 na pesa kidogo tu benki.

Sasa, ununue gani? Kama bajeti imebana na unataka besi, chukua transista: wati nyingi, bei nafuu. Valvu hulainisha sauti vizuri, lakini wati zake ni chache, chupa huchakaa, na ndani kuna mamia ya volti zinazoweza kuua hata ukishachomoa plagi. Usiifungue kiholela. Na kabla ya kulipa, beba spika zako dukani uskize zote mbili.