Habari za Kinjikitile wa Ngarambe

Watu wa Janga na wa Uzaramo wote wamelisikia jina la Kinjikitile Ngwale, lakini wengi walijua jina tu. Wengine humwita mganga mdanganyifu, wengine humwita shujaa, wala si wengi waliopenda kuitazama habari yake tangu mwanzo. Nayo haikuanza kwa maji, ilianza kwa kodi.

Mwaka 1897 serikali ya Wadachi ilitoa amri kwamba kila nyumba ilipiwe kodi, na mwaka 1898 ikaanza kukusanywa. Nyumba ya shamba ililipiwa rupia 3 kwa mwaka. Mtu aliyelima mtama wa kula watoto wake angezipata wapi rupia? Asiyekuwa nazo alitiwa kazini, na maakida na askari wakashika kiboko. Kisha mwaka 1902 Gavana von Götzen akaanzisha mashamba ya pamba, kila jumbe na shamba lake, watu wakilima kwa zamu. Mashamba hayo yalianza papa hapa, katika wilaya ya Dar es Salaam. Baada ya kazi ya mwaka mzima mtu alipewa kiasi cha theluthi moja ya rupia. Wengi wakakataa hata kuipokea, maana huku wakilima pamba ya serikali, nguruwe walikuwa wakila mahindi yao.

Basi, mwaka 1904, huko Ngarambe, kusini ya mto wa Rufiji, Kinjikitile akapagawa na pepo aliyeitwa Hongo. Wazee walisimulia ya kuwa alivutwa akaingia katika ziwa la mto, jamaa zake wakakesha ukingoni wakimlilia, na siku ya pili akatoka hali nguo zake ni kavu. Sisi tusiokuwako hatuwezi kuishuhudia habari hiyo. Lakini watu wa wakati ule waliisadiki, wakaja kwa makundi, Wamatumbi, Wakichi, Warufiji na Wazaramo. Akawapa maji yaliyotiwa mafuta ya nyonyo na mtama, wayanywe na kunyunyiziwa, akawaambia kwamba risasi za Wadachi zitageuka maji.

Katika hilo alikosea, na kosa lake liligharimu damu nyingi mno. Lakini jambo la pili alilolifanya halikupata kufanywa kabla yake katika nchi zile. Makabila yaliyozoea kuibiana na kuogopana aliyafanya kuwa watu wa shauri moja. Tena hakuwa mwenye pupa: aliwaagiza wavumilie, waendelee na kazi za Wadachi mpaka atakapotoa amri mwenyewe.

Amri hiyo hakuitoa kamwe. Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete walichoka kungoja, wakang'oa pamba. Kung'oa pamba ya serikali kulikuwa sawa na kutangaza vita. Wadachi wakamkamata Kinjikitile, na tarehe 4 Agosti 1905 wakamnyonga huko Mohoro, yeye na msaidizi wake, wakidhani kwamba mambo yamekwisha.

Hayakwisha. Jamaa yake, Njugumaina, akaendelea kugawa maji, na wajumbe wakayapeleka mbali. Watu waliokuwa wakigombana kwa ajili ya rupia 3 sasa walitaka Wadachi waondoke kabisa katika nchi. Tarehe 30 Agosti Wapogoro na Wambunga waliishambulia boma ya Mahenge mbele ya bombom, wakafa kwa mamia. Wangoni wakaingia vitani baadaye, na mwaka 1906 wakubwa wao wengi walinyongwa Songea. Mwaka huo huo, huko Natal, Bambatha naye aliinuka kwa sababu ya kodi ya kichwa.

Vita vilikwisha mwaka 1907. Wadachi walikuwa wamechoma vyakula na mashamba, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Serikali ilihesabu wafu 75,000. Wanahistoria wa baadaye wamesema huenda walipita 250,000.

Katika Uzaramo alinyongwa Kibasila, jumbe wa Kisangire, ambaye watu wake walikuwa miongoni mwa waliolimishwa pamba ile. Jina lake limepewa shule moja ya Dar es Salaam, na watoto wanaovaa sare zake hulitaja kila siku.