Tumkumbuke Bibi Titi Mohamed (1926–2000)

Ndugu zetu wa Nyamwage, mnaoishi nyumbani na mlio mbali, mwaka huu tunamkumbuka Bibi Titi Mohamed, aliyewahi kuwa mbunge wetu Rufiji.

Alizaliwa Dar es Salaam. Shule aliipata miaka michache tu, lakini katika ngoma ya lelemama alikuwa kinara. Mwaka 1954 alichukua kadi ya TANU namba 16. Akawapitia wanawake wa vikundi vya ngoma, na mwaka 1955 wakajiunga kwa maelfu. Baada ya Uhuru aliongoza Umoja wa Wanawake, akawa pia naibu waziri katika maendeleo ya jamii.

Mwaka 1965 sisi Warufiji tulimnyima kura. Mwaka 1969 alikamatwa, akahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, akasamehewa 1972. Leo barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake.

Kura ile hatuwezi kuirudisha. Tunachoweza ni kumsomesha binti wa Nyamwage zaidi ya alivyosoma yeye. Tafadhali jaza fomu ya ahadi, na ulipe ulichoahidi.