Shekhar Mehta: mzaliwa wa Kampala aliyeyatawala magurudumu ya nyuma

Masika yakikolea, dereva wa Hiace anayetoka Bwiza na mzigo wa kupeleka Kobero anaijua shida hii. Njia imelowa, gari limeshiba, anakanyaga mafuta, injini inanguruma, lakini gurudumu moja la nyuma linazunguka bure huku la pili limesimama tuli. Nguvu ipo, mwendo haupo. Katika kanda yetu hii, mmoja wa watu waliopata jina kubwa kwa kupambana na shida hiyohiyo alikuwa mtoto wa Kampala mwenye asili ya Kihindi, Shekhar Mehta.

Alizaliwa tarehe 20 Juni 1945 katika familia tajiri yenye mashamba nchini Uganda. Alikuwa mtoto wa miaka saba, karibu minane, mbio za Safari zilipoanzishwa mwaka 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Tangu mwaka 1960 zikaitwa East African Safari, na jina lilistahili: gari liliondoka nchi moja, likavuka mpaka kwa kasi, likaendelea na safari yake. Mfanyabiashara wa leo aliyesimama kwenye foleni ya forodha na makaratasi mkononi ana haki ya kuona wivu kidogo.

Mehta alianza mbio akiwa kijana wa miaka ya ishirini. Mwaka 1971 alishika nafasi ya pili katika Safari, nyuma ya Edgar Herrmann, wote wawili wakiendesha Datsun 240Z. Gari hilo lilikuwa na injini ya silinda sita, lita 2.4, iliyokaa mbele, na nguvu yote ilipelekwa nyuma. Kwenye lami lilikuwa raha. Kwenye tope na kokoto lilikuwa farasi asiyetaka lijamu.

Sababu yake fundi yeyote anaielewa. Difu ya kawaida hupeleka nguvu kwenye gurudumu linalozunguka kwa urahisi zaidi, yaani lile lililokwisha kuteleza, na lililoshika ardhi linabaki bila kazi. Kwa hiyo magari ya mashindano hufungwa difu maalumu inayozuia gurudumu moja lisilikimbie mwenzake. Hiyo peke yake haitoshi. Gari linapochomoka kwa nguvu, uzito huhamia nyuma, na uzito huo ndio unaoyabana matairi ardhini. Springi zikiwa ngumu kupita kiasi, gurudumu hurukaruka, na kila linaporuka nguvu inapotea hewani. Magari mengi ya Safari yalibeba matairi mawili ya akiba na tangi kubwa la mafuta huko nyuma, na uzito huo ukawa na faida yake. Tope lilipozidi, msoma ramani alishuka, akapanda kwenye bampa la nyuma, akashika vishikio vilivyofungwa juu ya buti, akaanza kurukaruka ili matairi yaume. Utingo wa lori anayening'inia nyuma kwenye mlima asidhani amevumbua jambo jipya.

Kisha ukaja mwezi Agosti 1972. Idi Amin akatangaza kwamba Waasia waondoke Uganda katika siku 90. Nyumba, maduka, viwanda na mashamba vikaachwa. Mehta, aliyezaliwa pale na kukulia pale, akahamia Kenya. Wako wengi Bwiza, waliotoka huku au kule, wasiohitaji kuelezwa maana ya kuvuka mpaka na kuacha nyuma kila ulichojenga.

Haikupita hata mwaka. Pasaka ya 1973, Safari ikiwa kwa mara ya kwanza sehemu ya ubingwa wa dunia wa rali, Mehta alirudi na 240Z, Lofty Drews akimsomea ramani. Baada ya maelfu ya kilomita alifika akiwa na pointi za adhabu sawasawa na Msweden Harry Källström, naye ndani ya Datsun. Ushindi akapewa Mehta kwa sababu ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Mtu aliyefukuzwa kwao akawa bingwa wa Afrika Mashariki nzima.

Hakuwa dereva wa vishindo. Sifa yake ilikuwa subira: kulihurumia gari, kujua lini pa kukanyaga na lini pa kuachia. Hilo lilionekana wazi mwaka 1979. Mercedes walikuja na 450 SLC yenye injini ya lita 5, nayo ikisukumwa na magurudumu ya nyuma. Mehta alikuwa na Datsun 160J ya lita 2, na Mike Doughty pembeni yake. Mfini Hannu Mikkola aliifikisha Mercedes nafasi ya pili. Wa kwanza alikuwa Mehta. Lita 5 ni mali, lakini kwenye barabara za Safari tairi lilipokea kiasi kile tu ambacho ardhi ilikubali kushika, na kilichozidi kilikuwa vumbi na mpira uliochomwa bure.

Alishinda tena mwaka 1980, 1981 na 1982, safari hiyo ya mwisho akimwacha Walter Röhrl katika nafasi ya pili. Jumla ni ushindi mara tano, minne kati yake mfululizo. Mpaka anafariki, hakuna aliyekuwa ameifikia idadi hiyo.

Ulaya wakati huo ilikwisha kugeukia magari yanayosukumwa na magurudumu yote manne, Audi Quattro ikiongoza njia. Safari iligoma. Opel Ascona mwaka 1983, kisha Toyota Celica mwaka 1984, 1985 na 1986, zote zikivutwa na magurudumu ya nyuma, ziliendelea kushinda. Mlango ulifunguka mwaka 1987 tu, Mikkola aliposhinda na Audi 200.

Mwaka huohuo wa 1987 Mehta alipata ajali mbaya katika mbio za jangwani nchini Misri, na udereva wake wa mashindano ukaishia hapo. Hakuuacha mchezo. Alifanya kazi ndani ya FIA, shirikisho la magari duniani, akafika hadi kuongoza tume yake ya rali. Alifariki London tarehe 12 Aprili 2006, akiwa na umri wa miaka 60.