Sofia Kovalevskaya: Mwanafunzi Aliyesomea Ukutani

Karatasi za kupamba kuta hazikutosha. Mwaka 1858 Jenerali Vasily Korvin-Krukovsky, ofisa wa mizinga aliyekuwa amestaafu kutoka jeshi la Urusi, aliihamishia familia yake katika shamba lake la Palibino, mbali na miji mikubwa. Nyumba ilikarabatiwa, karatasi za mapambo zikaagizwa kutoka St Petersburg, lakini ilipofika zamu ya chumba cha watoto zikawa zimekwisha. Kuagiza nyingine kwa ajili ya chumba kimoja kulionekana kuwa usumbufu mtupu. Basi ukuta ukabandikwa karatasi kuukuu zilizokuwa zimehifadhiwa nyumbani humo, nazo zilikuwa mihadhara ya kalkulasi ya Mikhail Ostrogradsky, ambayo jenerali aliinunua enzi za ujana wake.

Binti yake Sofia, aliyezaliwa Moscow tarehe 15 Januari 1850, alizoea kusimama mbele ya ukuta huo kwa muda mrefu akijaribu kubaini ukurasa upi ulitangulia upi. Hakuelewa kitu. Hata hivyo, alama zile zilimganda akilini kama mtoto anavyokariri beti za lugha asiyoijua. Miaka kadhaa baadaye, alipoanza kufundishwa kalkulasi mjini St Petersburg na Aleksandr Strannolyubsky, mwalimu huyo alistaajabu kuona jinsi binti huyo alivyozipokea dhana ngumu kana kwamba alikuwa akikumbushwa tu.

Safari ya kutoka ukutani hadi kwa Strannolyubsky haikuwa nyepesi. Jenerali hakupendezwa na wanawake wasomi, na alipoona hisabati inamteka bintiye akayasitisha masomo hayo. Sofia akaazima kitabu cha aljebra, akawa anakisoma usiku wakati wengine wamelala. Jirani yao Profesa Tyrtov, mtaalamu wa fizikia, aliwaletea kitabu alichokitunga mwenyewe. Sofia alikwama kwenye sura ya mwanga, kwa kuwa hakuwa amefundishwa trigonometria, akajitafutia mwenyewe maana ya sini kwa njia iliyokaribiana na ile ya wanahisabati wa kale. Tyrtov alipoambiwa hakuamini, na alipoamini alimsihi jenerali amruhusu binti asome. Ruhusa ilipatikana baada ya miaka.

Hapa inafaa kueleza kwa ufupi somo ambalo jina la Sofia limefungamana nalo. Katika mlinganyo wa kawaida tunatafuta namba. Katika mlinganyo tofautishi tunatafuta mwenendo mzima wa kitu kinachobadilika, ilhali tunachopewa ni kanuni ya mabadiliko yake tu. Kikombe cha chai kikiachwa mezani hupoa kwa kasi inayotegemea tofauti kati ya joto lake na joto la hewa. Kadiri tofauti inavyopungua ndivyo kasi nayo inavyofifia. Mwenye kujua kanuni hiyo na joto la chai ilipomiminwa anaweza kukokotoa joto lake saa yoyote. Hilo ndilo somo la mwanzo katika kozi hii kwenye vyuo vikuu vingi. Ugumu huzidi pale mabadiliko yanapofuata mambo mawili au zaidi kwa pamoja, mathalani joto katika ufito wa chuma linalobadilika kwa wakati na kwa mahali.

Kozi hiyo Sofia hakuweza kuisoma nchini mwake. Vyuo vikuu vya Urusi havikuwasajili wanawake, na msichana hakuweza kusafiri ng'ambo bila idhini ya baba au mume. Mtaka cha mvunguni huinama. Mwaka 1868 aliolewa na Vladimir Kovalevsky, aliyekuja kuwa mtaalamu wa visukuku, kwa makubaliano kwamba ndoa iwe ya jina tu. Mwaka uliofuata wakaenda Heidelberg, Ujerumani. Huko nako ilimbidi aombe ruhusa ya kila mhadhiri ili aingie darasani, na miongoni mwa waliomkubalia walikuwamo Kirchhoff na Helmholtz.

Mwaka 1870 alikwenda Berlin kumtafuta Karl Weierstrass. Chuo Kikuu cha Berlin kilikataa katakata mwanamke asihudhurie hata kama msikilizaji. Weierstrass, pengine kwa nia ya kumwondoa kwa upole, alimpa maswali ambayo huwapa wanafunzi wake waliokomaa. Sofia akarudi na majibu, na baadhi ya njia alizozitumia zilikuwa mpya. Tangu hapo, kwa muda wa miaka minne, profesa huyo alimfundisha faraghani bila malipo. Kila Jumapili mwanafunzi alikwenda kwa mwalimu, na siku nyingine katika wiki mwalimu akaenda kwa mwanafunzi. Yaliyosemwa mbele ya ukumbi uliojaa vijana wa kiume yalirudiwa sebuleni kwa mtu mmoja.

Matunda yake yalikuwa tasnifu tatu, ambazo kwazo Chuo Kikuu cha Göttingen kilimtunukia shahada ya uzamifu mwaka 1874, bila yeye kuwapo na bila mtihani wa mdomo. Ya kwanza ilihusu milinganyo tofautishi ya aina ile ngumu iliyotajwa. Alithibitisha ni katika masharti gani mlinganyo wa namna hiyo huwa na jibu, tena moja tu. Cauchy wa Ufaransa alikuwa amegusia jambo hilo kabla yake, ndiyo maana nadharia hiyo hubeba majina yao wawili. Lakini Sofia alikwenda mbali zaidi kwa kutoa mfano wa mlinganyo wa joto, ambao ukitatuliwa kwa kujumlisha msururu wa vipashio huweza kutoa msururu usiofika popote. Huo ndio upande wa tasnifu unaostahili kusifiwa zaidi, kwa kuwa ulionyesha mpaka wa njia ambayo yeye na mwalimu wake waliitegemea.

Shahada hiyo haikumpatia kazi. Nchini Urusi kilichokuwapo kwa mwanamke ni kuwafundisha wasichana wadogo hesabu za kujumlisha na kutoa. Kwa takriban miaka sita aliiweka hisabati kando. Akaandikia magazeti, akaingia na mumewe katika biashara ya nyumba iliyowafilisi, na mwaka 1878 akamzaa binti. Barua za Weierstrass zilikaa muda mrefu bila majibu. Mwaka 1883 Vladimir, akiandamwa na madeni, alijiua. Sofia, aliyekuwa Paris, alijifungia chumbani akakataa chakula kwa siku kadhaa hadi akazirai. Alipopata fahamu aliomba karatasi na kalamu ya risasi.

Mwishoni mwa mwaka huo Gösta Mittag-Leffler, aliyekuwa pia mwanafunzi wa Weierstrass, alimwita Stockholm. Mapema mwaka 1884 Sofia alisimama mbele ya darasa lake la kwanza la chuo kikuu, na kozi aliyoifundisha ilikuwa milinganyo tofautishi ileile aliyoisoma sebuleni. Alifundisha kwa Kijerumani kwa kuwa Kiswidi hakukijua, lakini baada ya mwaka mmoja alikuwa akihadhiri kwa Kiswidi, jambo ambalo wanaodai kuwa lugha ya wenyeji haiwezi kubeba sayansi wangefaa kulitafakari. Mwandishi August Strindberg alikuwa amepinga hadharani uteuzi wake.

Mwaka 1888 Chuo cha Sayansi cha Paris kilimpa tuzo ya Bordin kwa utafiti kuhusu mzunguko wa kitu kigumu kwenye nukta isiyosogea. Miswada iliwasilishwa bila majina, na kazi yake ilizidi matarajio hata kiasi cha tuzo kikapandishwa kutoka faranga 3000 hadi 5000. Mwaka 1889 aliteuliwa profesa kamili wa kudumu. Katika miaka hiyohiyo alichapisha kumbukumbu za utotoni, ambamo ukuta wa Palibino umesimuliwa kwa ufundi wa mwanafasihi, kwani riwaya na tamthilia hakuziona kuwa adui wa hisabati.

Mapema Februari 1891 alirejea Stockholm kutoka safarini akiwa na homa, akaingia darasani hivyohivyo. Nimonia ilimuua tarehe 10 ya mwezi huo, akiwa na umri wa miaka 41.