William Hewson, Mpelelezi wa Damu

Askari yeyote aliyewahi kumfunga mwenzake jeraha ameona jinsi damu ibadilikavyo: kwanza hutiririka kama maji, kisha huwa nzito, mwishowe hushikamana. Leo tunawaletea maisha ya tabibu aliyechunguza ni kitu gani hasa kinachoigandisha.

William Hewson alizaliwa mwaka 1739 huko Hexham, kaskazini mwa Uingereza. Alikwenda London kusoma kwa ndugu wawili mashuhuri, John na William Hunter. John alipoondoka pamoja na jeshi, kijana huyo ndiye aliyeachiwa kazi ya kuwafundisha wanafunzi upasuaji wa maiti.

Zama hizo wengi waliamini kuwa damu huganda kwa kupoa au kwa kutulia. Hewson aliigandisha kwa baridi, akaiyeyusha. Ikawa majimaji tena, ndipo baadaye ikashikamana. Basi baridi haikuwa sababu. Akatia chumvi katika damu mbichi ili isigande, akangoja chembe nyekundu zizame, akachota maji ya juu yenye rangi ya njano. Alipoyazimua, yaliganda peke yake, pasipo wekundu wowote! Habari hizo alizichapisha mwaka 1771.

Kitu alichokibaini twakiita leo fibrinojeni. Ni protini itengenezwayo na ini, nayo hufikia gramu 2 hadi 4 katika kila lita ya maji ya damu. Mshipa ukikatika, kimeng'enya kiitwacho thrombini huigeuza kuwa nyuzi, na nyuzi hizo husukana kama wavu wa kunasa chembe za damu. Mwanzoni wavu huo ni dhaifu. Ndiyo maana jeraha hukandamizwa kwa nguvu, wala halifunuliwi kila mara kuchunguliwa. Majeruhi aliyevuja damu nyingi mno huweza kupungukiwa na protini hiyo, hata waganga wakalazimika kumwongezea.

Mwaka 1770 Hewson alimwoa Mary Stevenson, binti wa mama aliyempangisha nyumba Benjamin Franklin wa Marekani. Ushirika wake na William Hunter ukavunjika kwa ugomvi, naye akafungua shule yake mwenyewe katika mtaa wa Craven.

Haikudumu. Mwaka 1774 alijikata alipokuwa akipasua maiti. Dawa za kuua vijidudu hazijajulikana bado. Jeraha likaoza, akafariki tarehe 1 Mei akiwa na umri wa miaka 34. Alimwacha mkewe mjamzito pamoja na watoto wawili. Mjane huyo alihamia Philadelphia mwaka 1786, na mwanawe Thomas akawa tabibu huko.